Kompresa ya Marehemu

Mwanamke wa eda hatoki. Hilo nalijua, sikuhitaji kufundishwa na Jaffar. Miezi minne na siku kumi nakaa ndani ya ua wangu hapa Yombo, sipaki wanja, sijifukizi udi, sivai nguo ya kumeta, sivuki geti ila kwa dharura. Yote hayo nilikuwa nayatimiza kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya mume wangu Twaha, aliyelala mzima akaamka maiti. Lakini hakuna sheria ya eda inayosema kwamba mjane akishakaa ndani, shemeji yake ana ruhusa ya kumfanya mjinga.

Jaffar ni mdogo wake Twaha. Siku ya kumi baada ya mazishi alikuja kuomba ufunguo wa gari letu, Noah ya kijivu ambayo dereva alikuwa akibebea wageni wa uwanja wa ndege. "Gari lisipotembea betri inakufa, shem," aliniambia. "Niachie mie nilizungushezungushe." Nikampa. Ningekataaje? Macho yangu yalikuwa yamevimba kwa kulia, na yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza kaka yake.

Alikaa nalo siku arobaini. Alipolirudisha, AC ilikuwa inapuliza joto kama mdomo wa tanuri.

Asiyeijua Dar atauliza, AC ni nini hata mtu akose usingizi? Mgeni aliyeshuka kwenye ndege na masanduku yake, ukimweka kwenye gari la joto saa saba mchana kwenye foleni, hakupandi tena. Dereva alijaribu siku mbili, kisha akaja getini akanirudishia ufunguo kwa adabu na kunipa pole. Sikumlaumu. Ila Noah ile ndiyo iliyokuwa inatulisha mimi na wanangu wawili, na ilipoegeshwa uani ikawa kama mwenzangu wa eda.

Jumanne Jaffar akaja na maneno mapya. Alikuwa ameshazungumza na mama yao, Bi Mwanabaraka, na akampigia tena mbele yangu, simu ikiwa wazi ili nisikie.

"Mama, gari limekufa," alisema. "Kompresa imekwama, sasa hivi itakula na injini. Tuuze kabla halijawa skrepa. Mteja ninaye, Jumamosi anakuja."

Mama mkwe wangu ni mtu wa haki, hilo halina ubishi. Akasema, "Sikilizeni. Kama gari ni zima, libaki kwa Raudha na mayatima mpaka atoke eda, tugawe mirathi kwa sheria. Kama linakufa kweli, liuzwe hiyo Jumamosi. Nitakuja mwenyewe."

"Mama, linatengenezeka," nikasema.

Jaffar akacheka, tena kicheko cha huruma. "Shem, nani wa kulitengeneza? Fundi mwenyewe si ndiyo huyo tumemzika?"

Neno lile lilinichoma. Kweli, Twaha alikuwa fundi wa AC za magari, na watu walimfuata mpaka hapa uani kutoka Mbagala na Kipawa. Lakini miaka kumi na minne nilikuwa naye chini ya magari hayo. Bolti za nyuma ya kompresa, ambazo mkono wake haukupita, nilizifungua mimi. Mafuta yaliyochanganyika na vumbi la chuma niliyatambua mimi kwa kuyasugua kwenye vidole. Wateja walipokuwepo ndiyo nikawa mama anayeshika tochi, kwa sababu mteja akiona mwanamke ameshika spana anaanza kuuliza maswali. Nilikubali kwa ajili ya kazi, na leo kukubali kwangu kumegeuka ushahidi kwamba sijui kitu.

Nilisubiri Jaffar aondoke, nikafunga geti kwa komeo. Nikajitanda khanga moja kichwani, nyingine nikajifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi ya marehemu, nikamwita Adelina. Adelina ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, fundi cherehani, ametokea Bukoba, na haogopi mtu.

"Dada Raudha, eda yako inaruhusu haya?" akauliza alipoona nimeshika jeki.

"Eda imekataza urembo. Wewe ukiniangalia hivi nilivyo unaona urembo?"

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Hapana kwa kweli," akasema, akachukua tochi.

Niliwasha gari nikabonyeza AC. Gari zima kiafya, ukibonyeza pale, unasikia mlio mmoja mdogo wa kompresa kushika kazi, kwa sababu hiyo ndiyo inayosukuma gesi mwili mzima wa AC. Nilitega sikio. Kimya. Nikazima, nikapandisha gari kwa jeki, nikaliwekea stendi, nikatandika gunia, nikaingia chini.

Kompresa iliyokuwa inanitazama kule chini haikuwa yetu.

Wiki tatu kabla Twaha hajafa tulifunga kompresa nzima kabisa, mimi na yeye, siku ya Jumapili, redio ikiimba taarabu dirishani. Hii ilikuwa na kutu ya miaka. Sahani yake ya mbele ilikuwa imekaza, hata niivute kwa mikono miwili haigeuki. Waya wake haukuunganishwa popote, unaning'inia tu. Mabomba yalikuwa yamerudishwa bila mipira ya kuzibia, na pale bomba linapoingia kwenye kondensa, kule mbele ya rejeta, mtu alilazimisha kwa bisibisi mpaka mdomo ukapinda na kupasuka. Kazi ya mtu mwenye haraka na asiye na haya.

Tumefundishwa kumtafutia ndugu yako udhuru sabini kabla hujamdhania ubaya. Nikalala pale chini nikamtafutia Jaffar. Nikasema, labda alilipeleka gereji kwa nia njema, wakambadilishia kompresa asijue. Huo ulikuwa wa kwanza. Sikufika wa pili.

Nilimpigia simu Salumu, muuza vipuri wa Temeke ambaye Twaha alinunua kwake tangu tulipooana. Nikamwambia nataka kompresa ya Noah, kondensa, mipira ya kuzibia, na draya, kile kichupa kinachonyonya unyevu, ambacho mfumo ukishafunguliwa lazima kibadilishwe.

"Kompresa hiyo una bahati, dada yangu," akasema. "Ninayo moja nzima, hata vumbi haijashika. Asubuhi nakuletea kwa bodaboda."

Asubuhi boksi likaja. Adelina akalifungua kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa, mimi nikaitoa kompresa na kuigeuza ili nimwage mafuta.

Katika jiji hili, mtu akinunua gari, kabla hajalipeleka hata kwa mama yake, analipeleka kuchorwa. Namba ya gari inachorwa kwenye vioo, kwenye taa, kwenye vioo vya pembeni, kwa sababu wezi wetu hawachoki. Twaha hakuishia kwenye vioo. Kila kipuri kikubwa alichofunga kwenye gari letu alikichora namba tumboni, kwa msumari wa chuma kigumu, pahali ambapo asiyelala chini haoni. Nilikuwa namcheka, namwambia nani ataiba kompresa, ni nzito kama jiwe la kusagia.

Namba ilikuwa pale. Adelina akaisoma kwa sauti, akaenda mbele ya Noah akasoma kibao cha namba, akarudi akaisoma tena tumboni mwa kompresa.

"Mai we," akasema.

Nikampigia Salumu. Sauti yangu ilikuwa imetulia mpaka mwenyewe nikashangaa. "Salumu, kompresa hii nani kakuletea?"

"Si yule mdogo wake marehemu? Jaffar. Alisema wewe ndiye uliyemtuma, mnapunguza vitu vya karakana."

"Lini?"

"Siku mbili tatu kabla ya arobaini." Nadhani hapo ndipo alipoelewa. "Astaghfirullah. Dada, mie sikujua. Wallahi sichukui hata senti kwa hiyo kompresa."

Nilikaa juu ya lile boksi. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema waliosema. Si kwamba aliiba tu. Aliiba akijua siwezi kutoka kwenda dukani, siwezi kwenda gereji, siwezi kusimama barabarani kumuuliza mtu. Aliitumia ibada yangu kama mwizi anavyotumia umeme uliokatika. Na duka aliloendea kuuza ndilo hilo hilo alilotambulishwa na kaka yake, kwa sababu hata wizi hakuujua bila Twaha kumwonyesha njia!

"Mpigie mama mkwe wako sasa hivi," Adelina akasema. "Usingoje."

Nilishika simu, nikaiweka. Bi Mwanabaraka ana presha, na hajamaliza siku mia tangu azike mwana. Nimwambie kwa simu kwamba aliyebaki ni mwizi? Nikasema hapana, nitamsitiri Jaffar kwa ajili ya mama yake. Gari likipuliza baridi Jumamosi, hukumu imeshatolewa na mama mwenyewe, gari litabaki, basi. Adelina alisonya kwa kutoridhika. Mimi nikaingia chini.

Jumatano na Alhamisi nilifanya kazi kuanzia baada ya sala ya asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Nilitoa ile kompresa mfu nikaiegemeza ukutani. Nikavua bampa, nikatoa kondensa iliyopasuka, nikaweka mpya. Nikafunga draya. Mipira ya kuzibia niliipaka mafuta ya kompresa mmoja mmoja. Adelina alikuwa anamulika tochi pengine ninapotaka na pengine anapotaka yeye, na nilipomfokea akaniuliza kama Twaha naye alikuwa ananifokea hivyo. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ndiyo, alikuwa ananifokea hivyo hivyo.

Alhamisi Jaffar alipita. Geti lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya mteja wa Adelina. Nilikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje, na kompresa yetu tayari imeshafungwa mahali pake juu ya uso wangu.

"Shem! Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiye mimi."

"Unatia aibu, shem. Mjane chini ya gari! Watu watasema nini?"

"Watasema gari linatengenezwa."

"Eda yenyewe unaijua au unaisikia? Kaka angekuona hivi..."

"Kaka yako aliniona hivi miaka kumi na minne. Na wewe si maharimu wangu, Jaffar, sina sababu ya kutoka kuonana nawe. Nenda, uje Jumamosi na mama."

Niliona viatu vyake vinageuka, vinaondoka. Nikaendelea kukaza bolti. Mtu aliyeuza kitu cha maiti alikuwa anaogopa watu watasema nini kuhusu magoti yangu!

Ijumaa niliunganisha pampu ya kunyonyea hewa na geji za Twaha. Pampu inanyonya hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, mshale wa geji unashuka chini ya sifuri, unazima, unangoja. Mshale ukitulia, hakuna panapovuja. Mshale wangu ulianza kupanda, taratibu, bila aibu.

Hapo nililia. Nililia kwa hasira, nikamlaumu Twaha kwa kufa, nikamlaumu kwa kutonitaja mbele ya wateja, nikamlaumu hata kwa kule kuchora namba kulikonifanya nijue. Adelina aliniacha. Baadaye akaniletea chai ya rangi, akasema, "Mimi nguo ikikataa naifumua upya." Nikanywa chai, nikafumua. Mpira mmoja wa draya ulikuwa umebanwa upande, nimeufunga mwenyewe kwa pupa. Nikauweka mwingine. Nikawasha pampu dakika arobaini na tano, nikazima, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi mshale ulikuwa pale pale nilipouacha.

Nikajaza gesi polepole, injini ikiwaka, mkono wangu juu ya bomba. Kompresa ikashika kazi kwa mlio wake mdogo. Bomba likawa baridi mpaka likatoa jasho. Sikumwambia mtu neno.

Jumamosi saa nne wakaja. Bi Mwanabaraka na buibui lake, anatembea polepole, Jaffar amemshika mkono. Nyuma yao mtu mmoja mnene mwenye heshima zake, Elibariki, ndiye mteja. Nilimwamkia mama, "Shikamoo mama," akaitikia na kunishika kichwa. Elibariki naye akamwamkia, mimi akanipa pole, nikaitikia nikiwa nimejitanda vizuri barazani.

"Mama, ingia ndani ya gari," nikasema. "Kaa nyuma kwa raha zako."

Jaffar akaniangalia. Nilimpa Elibariki ufunguo awashe mwenyewe. Akawasha, akabonyeza AC, akafunga vioo. Dakika haikupita, akashusha kioo, akatoa kichwa nje anacheka. "Hii siyo AC, hili ni friji! Jaffar, wewe si uliniambia limekufa? Nani kaitengeneza?"

Hapo ndipo Jaffar angenyamaza tu. Ningemsitiri, naapa. Midomo yangu niliifunga tangu Jumatano, na ningeifunga mpaka kaburini kwa ajili ya yule mama aliyekaa ndani ya gari. Lakini Jaffar hajui kukaa kimya palipo na sifa.

"Nilimleta fundi wangu wa Ubungo," akasema, kifua mbele. "Jana hiyo hiyo. Sikutaka upate usumbufu, braza. Sasa ukiangalia, gari liko fiti, hata bei lazima tuzungumze upya. Na wewe kama AC yako inasumbua, nitakuunganisha naye."

Mori ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Kompresa alichukua. Gari alitaka kuchukua. Sasa alikuwa anachukua na mikono yangu.

"Fundi wako anaitwa nani?" nikauliza.

"Shem, haya mambo..."

"Anaitwa nani, Jaffar? Alipita wapi kuingia? Geti nilifunga mimi." Nilishuka barazani, nikaenda ukutani, nikaibeba ile kompresa ya kutu kwa mikono miwili, nikaiweka chini mbele ya mlango wa mama, aliokuwa ameshaufungua. "Mama, nisamehe. Nilitaka nikufiche. Hii ndiyo aliyoiweka mwanao. Yetu aliiuza kwa Salumu wa vipuri kabla ya arobaini, akasema nimemtuma mimi. Nimeirudisha mimi, nimeifunga mimi, na namba ya gari iko tumboni mwake kwa mkono wa Twaha. Anayebisha alale chini asome."

"Shem, usinisingizie," Jaffar akaanza, kisha akamwona Adelina amesimama mlangoni kwake na mkasi mkononi, anaitikia kwa kichwa kuthibitisha. Akamgeukia mama yake. "Ilikuwa ya hitima, mama. Wale mbuzi wawili. Ulitaka arobaini ya kaka ipite na wali mkavu? Sikula hata shilingi, watu wote walikula. Hata shem alikula!"

Nilikula, ni kweli. Nyama ile niliila, na nilimwombea dua aliyeitoa.

Bi Mwanabaraka hakutoka garini. Baridi ilikuwa inampuliza usoni na ukingo wa buibui unacheza. "Mie siku ile," akasema, "nilizunguka mtaa mzima. Nikawaambia watu, nimebakiwa na mwana. Kamchinjia kaka yake mbuzi wawili." Akamtazama Jaffar. "Kumbe umemchinjia Twaha mali yake mwenyewe."

Jaffar akafungua mdomo.

"Nyamaza. Baba," akamwambia Elibariki, "nipe huo ufunguo. Gari haliuzwi. Utuwie radhi kwa usumbufu."

Elibariki alizima gari, akampa ufunguo kwa mikono miwili. Alikuwa anatafuta pa kuangalia. "Hamna shida, mama. Ila mimi AC yangu kweli inasumbua. Kama huyo fundi..."

"Fundi ndiye huyo," Bi Mwanabaraka akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Ila yumo edani, hatoki. Utalileta gari hapa hapa, mlango wazi na mimi nikiwepo."

Akanyoosha mkono mlangoni, akauweka ufunguo kwenye kiganja changu. Kiganja kilikuwa bado cheusi kwenye mistari, siku tatu za sabuni hazikukitakasa, na alikiona, na hakuuondoa mkono wake upesi.

Jaffar alikuwa amesimama pembeni ya ile kompresa yake ya kutu. Sikumwangalia. Nilivuta khanga vizuri, nikamgeukia Elibariki, nikamuuliza gari lake linapuliza joto tangu linapowaka, au linaanza na baridi ndipo linaacha.